Jumamosi ya Supu Mbili

Chumba Na. 9,
Nyumba za Wafanyakazi wa Hospitali.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Salamu zangu zikufikie huko mbali, zikukute umekaa kitako na kikombe cha chai mkononi, si unakimbizana na nguo za kufua. Goti linasemaje? Shemeji ameacha sigara, au bado anajificha nyuma ya nyumba akidhani hujui? Na mpwa wangu wa mwisho, ameshaanza kutembea? Mimi mwili haujambo. Kichwa ndicho sikielewi, na ndiyo maana barua hii itakuwa ndefu kuliko zile zangu za mistari mitano unazozilalamikia.

Nikukumbushe kwanza rafiki zangu wa Jumamosi. Yupo Kamanda, msaidizi wangu hapa jikoni hospitalini, mama wa makamo asiyecheka hovyo. Yupo Mwashi, jirani yangu, ambaye hula kama anajaza msingi wa nyumba. Na yupo Miwani, dada anayepima watu macho katika duka lililo mkabala na lango letu. Kila Jumamosi mchana tunatoka sisi wanne kutafuta mahali pa kula. Mikahawa ya mji huu inaota kama uyoga, na sisi tumeapa kuimaliza yote.

Mezani tuna utaratibu wetu. Kwa kuwa mimi ni mpishi mkuu, hakuna anayegusa kijiko mpaka nionje na kutoa hukumu. Wenyewe wameniita Hakimu. Mwashi hunung'unika kwamba njaa haina mahakama, lakini husubiri.

Sasa nikuambie jambo ambalo mpaka jana sikuwa nimemwambia binadamu yeyote. Tangu yale mafua mabaya ya mwezi wa tatu, Dada, sisikii ladha. Harufu nayo hakuna. Kitunguu kikiungua nagundua kwa macho. Nilidhani mafua yakiondoka vitarudi, nikajikaza kisabuni, wiki zikapita. Ningemwendea daktari, lakini madaktari wote wa hapa wanakula chakula changu; ningemwambia nini mtu mwenye sahani yangu mbele yake? Nikawa napika kwa mazoea, chumvi kwa kuhesabu vijiko, na wala hakuna aliyelalamika. Hata hilo lilinishangaza, maana siku moja nina hakika nilisahau kabisa kutia chumvi kwenye sufuria ya maharage.

Basi jana tulikwenda mkahawa mpya karibu na posta. Ukumbi safi, feni tatu, vitambaa vya meza vimepigwa pasi. Tukaagiza supu ya samaki na mkate. Mabakuli yakaja yanafuka mvuke, yanapendeza machoni. Wakasubiri. Nikaonja, nikafumba macho kama kawaida yangu, nikasema, "Huyu mpishi anajua kazi. Chumvi imekaa mahali pake."

Mwashi akanywa kijiko cha kwanza. Akamtazama Kamanda. Kamanda akamtazama Miwani. Kisha wote wakainamisha vichwa wakala, bila soga, bila utani. Wakaomba jagi la maji, likaisha. Wakaomba la pili, likaisha. La tatu Mwashi hakutaka hata kulitua mezani. Nikauliza kulikoni, Miwani akasema, "Joto tu, Hakimu." Na feni tatu zinazunguka, Dada! Nikadhani wamegombana wenyewe kwa wenyewe na wananificha.

Mabakuli yalipobaki tupu akaja mhudumu mbio mbio, jasho linamtoka.

"Mtusamehe sana, wakubwa zangu. Sufuria imetiwa chumvi mara mbili, supu hailiki. Meza zote wamerudisha..."

Akaona mabakuli yetu matupu, akatutazama mmoja mmoja.

"Mlijua?" nikawauliza wenzangu.

Miwani akajifanya anatafuta kitu mkobani. Kamanda ndiye aliyejibu. "Tangu mwezi wa nne. Unadhani yale maharage yalijitia chumvi yenyewe? Ukigeuka naonja, naongeza. Na hawa nikawaambia. Tulikuwa tunangoja useme mwenyewe."

Sikujua ninahisi nini, na mpaka sasa sijui. Aibu ilinishika. Hasira pia, kwamba miezi miwili nazungukwa kwenye sufuria zangu mwenyewe. Na papo hapo nikatamani kumkumbatia Mwashi, aliyemaliza bakuli lile mpaka tone la mwisho. Nimkasirikie nani, nimshukuru nani? Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, sawa. Anayekufaa bila kukuambia, huyo tumwite nani?

Mhudumu akaleta supu nyingine, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Hakuna aliyegusa kijiko. Walikuwa wananisubiri! Wanajua sisikii kitu, nami najua kwamba wanajua, na bado wanangoja hukumu. Nikaonja. Maji ya moto tu. Nikasema, "Sijui. Nionjeeni ninyi," nikawasogezea bakuli langu. Mwashi akaonja, akasema kwa upole ambao sijapata kuusikia kwake, "Imekosa ndimu." Nikalia mbele za watu, mpishi mzima.

Leo tangu asubuhi naligeuzageuza jambo hili kichwani. Wodini kuna wagonjwa wa presha ambao chumvi kwao ni sumu. Je, Kamanda angeugua siku moja tu, nani angeonja? Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nashukuru nimeumbuliwa na supu. Kesho asubuhi naingia kwa meneja wa jikoni nimwambie yote, nikitoka hapo naenda kwa daktari. Labda nitapelekwa stoo kugawa magunia. Labda Kamanda atapewa nafasi yangu, na ataistahili. Naogopa, Dada, maana sijui kazi nyingine. Ila sitaki tena watu wanaonipenda wale kitu kisicholika kwa sababu mimi naogopa kusema.

Nisalimie Shemeji, wapwa zangu wote kuanzia mrefu mpaka mfupi, na Shangazi ukimpigia simu, ila yeye usimwambie kitu bado. Mungu akulinde, na akupe afya ya kufaidi kila tonge.

Mimi mdogo wako akupendaye.