Kioo cha Lori Lililolala

Baba,

Shikamoo. Mkono umeandika wenyewe, kabla sijakumbuka kwamba hutaitikia.

Spea bado hazijaja. Kila anayetoka Morogoro anasema fedha za kigeni hakuna, tusubiri. Kwa hiyo stoo ya kijiji bado ni lile lori bovu nyuma ya ofisi, ulilokuwa ukiling'oa spea kidogo kidogo ili mwenzake, lile zima, atembee. Starta ilitoka, rejeta ikatoka. Mimi sikujali, maadamu kiti na kioo cha mbele vilibaki. Nikija likizo tulikaa humo nikikusomea, na kila nikifunua ukurasa unauliza, "Tumefika wapi, dereva?" Nami, "Mikumi, Baba, tembo wamefunga barabara." Unacheka mpaka kikohozi kinakukatiza.

Juzi, karibu na Magole, jiwe lilipasua kioo cha mbele cha lile lori zima. Mahindi yetu yalikuwa yamerundikwa nje kule Msowero, na mawingu yameshafunika milima. Mama yuko eda, hivyo ufunguo wako wa stoo ninao mimi. Mjomba Athumani, dereva, akaja kuomba kioo.

Kioo chetu, Baba. Sikutaka. Nikajificha nyuma ya sheria yako: "Lete kibovu, uchukue kizima." Nilijua chake kimesambaa barabarani.

Hakubisha. Alikwenda akarudi na gunia, akalitua miguuni pangu. Ndani mlikuwa na vipande vya kioo, hata vidogo kama punje za chumvi, vimechanganyika na majani na vumbi.

"Marehemu angenirudisha kwa kipande kimoja kilichopungua," akasema. "Na wewe ni yeye mtupu, ila huna masharubu."

Nikacheka, nikalia. Nikafungua mlango.

Kesho yake alinipakia tukafuate mahindi. Nilikaa nyuma ya kioo kilekile, ila safari hii miti ilikuwa inasogea. Mjomba akauliza mbona natabasamu peke yangu.

Mahindi yaliingia ghala la Kimamba makavu. Mvua ilitukuta tunarudi.

Kesho narudi shuleni Kilosa. Pumzika, Baba. Kiti nacho kitaombwa siku moja, na nitakitoa. Lakini mpaka siku hiyo, kila likizo nitakaa humo nikusomee kwa sauti. Mvua ikiingia, nitakuja na mwavuli.

Mwanao,
Hadija