Wijingadda wa Mama Yako

Kambi ya Mawe Mekundu,
Kimberley Kaskazini.
22 Novemba

Mpendwa mwanangu Tarlia,

Hujambo huko Perth? Na ule mgongo uliokusumbua kazini wodini, umepoa? Sisi hatujambo, ila joto la huku, mwanangu, hata mbwa wameacha kubweka.

Uliniuliza kwenye simu, huku unalia, kama wijingadda, wanyama wa ukoo wa marehemu mama yako, wataisha. Leo nina jibu lako.

Vyura wa sumu wamefika mtoni na mvua za kwanza. Wijingadda na madoa yake meupe, mdogo hata kuliko paka, ni mwindaji mlafi. Akimng'ata chura mmoja tu, basi. Madume yote yalikufa Agosti kama kawaida yao, yamejimaliza kwa kukimbizana na majike. Wamebaki mama na watoto. Wakifa hao, hakuna wengine.

Kwa hiyo sisi walinzi wa pori tulitawanya kwenye mawemawe soseji za nyama ya chura, zisizo na sumu ila zina dawa ya kichefuchefu, ili mnyama augue kidogo na amchukie chura maisha yake yote. Kusema kweli, sikuamini.

Basi mjomba wako Clancy akazikuta zilizobaki kwenye sanduku la barafu, akazikaanga!

"Nani kaleta soseji hazina hata chumvi?" ananiuliza huku anatafuna.

"We Clancy, hizo za wijingadda!"

"Acha uchoyo, dada. Kula."

Alitapika mpaka nikamhurumia. Sasa akisikia harufu ya soseji anahama kivuli. Hapo nikaanza kuamini.

Jana tukatazama picha za kamera tuliyoitega korongoni. Chura mnene kajikalia. Mama mwenye madoa akaja, watoto nyuma yake. Akamnusa, akarudi nyuma, akapita zake. Watoto nao wakampita chura kando, wakamfuata mama yao. Nililia mbele ya wenzangu wala sikuona haya.

Paka mwitu wanaowawinda bado wapo, na moto mkali pia, lakini hayo tunayaweza. Mei tutachoma nyasi mapema zikiwa na unyevu, moto mkali usije ukala zote na wijingadda wakakosa pa kujificha. Njoo tuchome pamoja. Ukifika korongoni uite kwa sauti, roho za wazee wetu wa pale zikujue.

Clancy na bibi Maisie wanakusalimu sana. Mungu akulinde huko uliko.

Jina la mama yako bado hatulitamki, ndiyo desturi yetu kwa marehemu, unajua. Lakini mnyama wake yupo, Tarlia, na ana watoto.

Mimi mama yako mdogo, nikuwazaye kila siku,
Noreen