Mzee Magunia na Mimi

Turiani

Dada yangu Yustina,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila kifua kinanibana kidogo kwa vumbi la pumba. Mguu wako unaendeleaje, na wapwa zangu hawajambo?

Jumapili, baada ya misa, vijana wa kigango walituonyesha igizo. Humo wanakijiji walimwagiza fundi awashonee sanamu ya magunia iwaamie ndege kwenye mpunga. Ndege wakaizoea, watu ndio wakaanza kuiogopa. Wakaiita Mzee Magunia, wakaiamkia, wakaipelekea mavuno ya kwanza. Mama mmoja akasema, "Jamani, si magunia tu haya?" Akashtakiwa. Tulicheka sana, na mimi unanijua, nilicheka kuliko wote. Kisha akaitwa fundi aliyeishona sanamu kwa mkono wake, akaulizwa kama yule mama amekosa. Akatazama chini. "Amekosa," akasema.

Dada, kicheko kilinikauka. Nilijiona kwenye kikao cha ukoo, siku mjomba alipokunyang'anya shamba la mama pale kijitoni akampa mwanawe. Sisi Waluguru tunajua ardhi ya mama hubaki kwa watoto wa mama, na mtoto wa mjomba ni wa ukoo wa mkewe. Wazee nao walijua, wakangoja sisi wa tumbo moja nawe tuseme. Mjomba akanigeukia: "Wewe Kasto, una neno?" Nikajibu, "Sina neno, mjomba." Ukanitazama, nikainama kufunga kamba za viatu.

Hukujua kwamba asubuhi ile mjomba alikuwa ameniahidi kazi hii ya ghalani kwa rafiki yake. Wengine waliogopa. Mimi nilikubaliana bei. Miaka miwili nimekuandikia habari za mvua huku nikijua hivyo, na leo naona aibu hata kuliandika jina lako.

Nimeomba ruhusa ya siku nne. Mwambie bibi aitishe kikao. Nitasimama mbele ya mjomba niseme yote, na hili la kazi pia. Ikiondoka, na iondoke. Kulima kabichi sijasahau.

Msalimie shemeji, na mama mdogo wa Kihonda akipanda huko. Bibi mwambie namwamkia.

Ombi moja tu. Moyo wako naujua, ukisoma hadi hapa utakuwa umeshanisamehe. Tafadhali usiniambie bado. Nikisamehewa mapema, nitanyamaza tena.

Mdogo wako mwenye aibu,
Kasto