Kadi Niliyomwandikia Binti Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na najua ukisoma utacheka, basi cheka kwanza umalize halafu unijibu, maana hapa nilipo hata mke wangu ananicheka na kunigombeza kwa wakati mmoja. Mimi ni fundi wa vyombo vya umeme, feni, pasi, redio, blenda, chochote chenye waya, na mwaka huu ni wa thelathini na moja niko kwenye chumba kilekile chenye mlango wa bati, na sijisifu lakini mimi nikishika kitu kilichoharibika lazima nijue kwanza kimeharibikaje, ndiyo maana kila kifaa kinachoingia kwangu nakifungia kadi ngumu kwa uzi, na kwenye kadi hiyo kuna mstari unaosema Chanzo cha Tatizo, na chini yake pa kuweka alama ni patatu tu: Kiwandani, yaani kilitoka hivyo hivyo, Mazingira, yaani umeme ulipanda na kushuka au mende wamehamia ndani, na Mwenyewe, yaani mteja alikifungua kwa kisu cha jikoni halafu anakuja kuniambia kimezima tu chenyewe. Kadi hizo nilizibuni mimi na nilikuwa naringa nazo sana. Sasa zimeniponza.

Nina mabinti wawili. Kifungua mimba ameolewa na ana watoto watatu, na kitinda mimba ana miaka ishirini na minane na ndiye fundi mwenzangu, anakaa kulia kwangu kwenye meza, na ukweli ni kwamba siku hizi ananishinda kazi ila sijawahi kumwambia. Utaratibu wetu ni kwamba mimi naandika kadi na kuitundika msumarini, na asubuhi yeye anazitoa kadi moja moja kwa zamu, anakipima kifaa upya, na chini ya kadi kuna mahali pa Maelezo ya Fundi wa Pili, hapo ni pake na mimi siingilii.

Mwezi uliopita, saa saba mchana, tumefungua feni ya mezani, mimi nikaanza ule wimbo wangu wa kila siku kwamba wenzako wote wameshaolewa, naye akasema bila kuinua kichwa, "Baba, acha kuniuliza habari za kuolewa. Mimi siwapendi wanaume kwa namna hiyo. Nampenda mwanamke, tuna miaka minne, na nimechoka kukudanganya." Mshauri, unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Nipe bisibisi ya nyota." Akanipa. Nikakaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa, nikaikaza mpaka ikakatika, halafu nikaanza kutafuta skrubu nyingine.

Na huyo mwanamke mwenyewe namjua! Ni mwalimu wa hesabu ambaye karibu kila mwezi, kwa miaka minne, ananiletea feni moja ya bluu, na kila mara naipima inazunguka vizuri kabisa, kila mara naandika Haina Tatizo, na kila mara namhurumia moyoni kwamba mtu amesoma kiasi kile halafu hajui kuwasha feni. Miaka thelathini na moja natafuta hitilafu zilizojificha, na jambo lile lilikuwa limekaa kwenye benchi langu linakunywa chai yangu, sikuliona.

Basi badala ya kuzungumza na mwanangu nikaanza uchunguzi. Nikaanza na Kiwandani. Nikamkuta mke wangu anakunja nguo, nikamweleza, nikamuuliza kwa upole kabisa kama wakati wa ule ujauzito wa pili alianguka mahali, au alimeza dawa fulani, au kwao kuna mtu wa hivyo. Akaweka chini shati alilokuwa anakunja. "Kwa hiyo kiwanda ni mimi?" Nikasema sikusema hivyo. "Na wewe ulikuwa nani, mlinzi wa geti?" Halafu akaniambia kwamba yeye alishajua tangu feni ilipoletwa mara ya tatu, ila alikuwa anamngoja mtoto aseme mwenyewe kwa wakati wake, "na ukimuumiza mwanangu, wewe na kadi zako mtahamia dukani."

Nikahamia kwenye Mazingira, na hapo mtuhumiwa nilikuwa mimi, kwa sababu ni mimi niliyempa bisibisi akiwa na miaka sita, ni mimi niliyemkalisha kwenye stuli ya duka, nikasema basi nimemharibu kwa mikono yangu hii. Nikampigia simu dada yake kuungama. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Baba, na mimi si ulinikalisha kwenye stuli hiyo hiyo, ukanipa bisibisi hiyo hiyo? Mbona mimi nilimkimbilia mwanamume wa kwanza aliyenichekea?" Kwa nyuma nikamsikia mkwe wangu anauliza, "Wa kwanza? Kwani walikuwa wangapi?" Nikakata simu.

Ikabaki Mwenyewe, kwamba ameamua tu kwa ukaidi wake, na ukaidi tunao kwenye ukoo. Nikasema hili linapimika, kama mtu anaamua basi na mimi niamue tuone. Mlango wa pili yuko fundi wa kuchomelea mageti, mwanamume mzuri, mrefu, meno meupe, kila mtu anamsifu, nikatoa stuli nje nikakaa namtazama akichomelea, nikajiambia haya mzee, mpende. Nikavuta pumzi. Moyo kimya. Siku ya pili nikajaribu tena, kitu pekee kilichonijia ni kwamba msumeno wangu wa chuma anao tangu mwaka juzi. Siku ya tatu akazima mashine, akavua miwani yake ya kazi, akasema, "Mzee wangu, kuna shida? Maana unanitazama mpaka naogopa." Nikasema hakuna shida, lete msumeno. Nikiwa narudi nao ndani ndipo nikakumbuka mimi nilivyoanza kuwapenda wasichana, nilikuwa na miaka kumi na mitatu kwenye foleni ya maji, msichana mmoja akageuka akauliza nani wa mwisho hapa, masikio yangu yakawaka moto nikajimwagia ndoo nzima miguuni. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nilijikuta tu nimelowa.

Mwenye akili zake angeishia hapo. Mimi nikachukua kadi. Kwenye Jina la Kifaa nikaandika "Binti yangu", na kwenye Chanzo cha Tatizo sikuweka alama popote, nikaandika "bado kinachunguzwa", na naapa mshauri nilitaka tu kupanga mawazo, maana mimi siwezi kufikiri sawasawa bila kadi mkononi. Mara mteja akaingia na pasi yake wakati nafunga duka, nikamwandikia ya kwake haraka haraka, na kwa mazoea ya miaka yote hiyo nikazitundika kadi zote mbili msumarini, nikazima taa nikaenda zangu nyumbani.

Asubuhi binti yangu ndiye aliyetangulia. Nilipofika nikakuta mlango wazi, aproni yake imekunjwa juu ya meza, na kadi imewekwa katikati ya aproni. Kwenye Maelezo ya Fundi wa Pili alikuwa ameandika kwa ule mwandiko wake wa kunyooka: "Kizima. Hakina tatizo. Apimwe aliyeandika kadi."

Sasa yuko kwa dada yangu, na simu zangu hapokei, na dada yangu kila nikimpigia anauliza, "Kaka, umeshapimwa?" halafu anakata. Nimesikia binti yangu amepata kazi kwenye kampuni ya majokofu, mji wa mbali sana, anaondoka Jumapili ijayo, na yule mwalimu ameomba uhamisho amfuate. Mwanangu anaondoka na ni mimi niliyemfukuza kwa kalamu. Nimebaki na pasi kumi na moja mezani, na kila nikifungua moja nageuka kulia kuuliza "unaonaje hapa", na hakuna mtu. Nampenda mtoto yule mpaka naona aibu, na katika maisha yangu sijawahi kumwambia, nilikuwa namwambia "umekaza vizuri".

Kwa hiyo nisaidie, wewe umesoma, niambie ni ipi kati ya zile tatu, amezaliwa hivyo, amefanywa na mazingira au amechagua, ili nikienda kwake niende na jibu kamili. Au nisiende kabisa?

Ni mimi, Fundi wa Kadi

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, nimecheka kwa sababu umeniruhusu. Kwenye msumeno nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya michezo hapa gazetini akaja kuuliza kuna nini. Nilipofika kwenye aproni nikaacha.

Umeuliza, nakujibu, usije ukasema nimekwepa. Wataalamu waliolichunguza jambo hili kwa miaka mingi hawajapata chanzo kimoja cha kukuwekea alama kwenye kadi yako. Wengi wao wanaona kwamba mengi huanza kabla mtu hajazaliwa, mambo ya urithi na ya tumboni, yakichanganyika kwa namna ambayo bado haijaeleweka vizuri. Kwamba malezi ndiyo yanayomfanya mtu awe hivyo, stuli, bisibisi na mengineyo, ushahidi wa maana hawajauona. Na kuchagua, hilo umelifanyia utafiti wewe mwenyewe siku tatu, ukarudi na msumeno. Mtu anachagua kusema au kunyamaza, na anachagua ataishi na nani. Anayemwasha masikio hamchagui. Hilo ndilo jibu lako, na wala halikusaidii.

Halikusaidii kwa sababu hukuwa unatafuta chanzo, ulikuwa unatafuta wa kumlaumu. Tuseme amezaliwa hivyo, utamrudisha wapi? Tuseme ni mazingira, utamlea upya mtu wa miaka ishirini na minane? Tuseme amechagua, ungempenda pungufu? Dada yake alipompenda huyo mkwe wako mwenye maswali, hukumpigia mtu simu kuuliza mtoto alianguka wapi. Na wewe fundi mzima, ulishaona wapi kifaa kinafunguliwa kabla hakijapimwa kama ni kibovu? Binti yako alipima. Akakuandikia matokeo. Ukamwamini kwenye pasi za watu miaka yote, kwenye maisha yake mwenyewe ukaona umtafute fundi mwingine, ukaniandikia mimi.

Lakini hapa pa pili ndipo nakugombeza kwa nguvu. Mwanao alikuambia wewe. Hakumwambia dada yake, wala mkwe wako. Wewe ukaichukua siri ya mtu ukaipeleka kwenye simu ambayo mkwe anasikiliza, ukaiandika, ukaitundika msumarini ambapo mteja yeyote angeisoma. Hivi unajua watu wanafukuzwa kazi kwa habari kama hii? Wanapigwa, wanahamishwa nyumba. Ulijali sana nani ana kosa, hukujiuliza nani yuko hatarini. Kadi ile ichome leo. Mkwe wako mwambie afunge mdomo. Wa mageti usimweleze chochote hata akikuuliza. Barua yako yenyewe nimeibadilisha mahali patatu kabla ya kuichapa, na feni ya yule mwalimu si ya bluu.

Haya, futa machozi, maana najua unalia. Mtu asiyempenda mwanawe hatoi stuli nje siku tatu akijaribu kumpenda fundi wa mageti. Ulihangaika sana, ila ulihangaika na kila mtu isipokuwa yeye. Na sidhani kama umeliona hili: wale wawili wangeweza kukutana popote, mji ni mkubwa. Wakachagua benchi lako. Miaka minne binti yako alikuwa anakuletea mwenzake ukae naye, umzoee, umpende kidogo kidogo kabla ya kuambiwa. Na ulimpa chai kila mara, hilo angalau ulilifanya.

Sasa sikiliza. Kesho usifungue duka. Pasi za watu zitangoja. Nenda kwa dada yako kwa miguu yako mwenyewe, usimtume mke wako akutangulie. Akikuzuia mlangoni, kaa nje, umeshajua kukaa nje na stuli. Usibebe gazeti hili wala jibu langu. Usimwombe abaki, kazi ile ameipata kwa ufundi wake na ni ufundi aliojifunza kwako, mwambie hivyo, na umwambie amekushinda. Usiseme "nimekusamehe", hakuna ulichosamehe. Usiseme "nakupenda ingawa". Sema nilikosea, nisamehe. Halafu sema nakupenda, neno lenyewe, usianze habari za kukaza. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikuambia ondoka, ondoka, urudi kesho yake.

Na Jumapili nenda kituo cha mabasi hata kama hujasamehewa, ukabebe mizigo. Yule mwalimu atakuwepo kumsindikiza, naye atakuwa anakuogopa. Msalimie yeye kwanza, mshike mkono, mwite mwanangu, kwa sauti. Watu wa pale watadhani ni salamu ya mzee kwa kijana yeyote. Binti yako atajua.