Pole Niliyoitoa Uwanjani

Shikamoo Mama. Dada Paulina akusomee polepole, nafasi kwenye kadi hii ni ndogo.

Nimechoka. Wiki nzima chuoni tunafungua injini za trekta katika joto hili la Bulgaria, na jana jioni mwalimu wetu akatupeleka kutazama mchezo wa kuigiza kwenye uwanja huu wa kale unaouona pichani: hauna paa, na ngazi zake za mawe zinashuka kama kingo za kreta ya Ngorongoro. Nilisinzia. Nikazinduliwa na mwigizaji mmoja, mama mtu mzima aliyevaa nguo nyeusi, akiulilia mwili wa mume wake. Maneno sikuyaelewa, ila kilio kilikuwa cha kwetu kabisa.

Mwishoni watu wakapiga makofi. Najua ni mchezo, Mama, lakini kwetu Karatu mfiwa hapigiwi makofi. Nikashuka, nikavua kofia, nikamshika mkono: "Pole sana, mama." Wenzangu walicheka hadi machozi. Yeye hakucheka. Aliuweka mkono wake wa pili juu ya wangu.

Usibebe kuni peke yako, magoti hayo uyatunze. Baba mlimzika mimi nikiwa huku. Ile pole ilikuwa yako.

Mwanao,
Boay