Usipunguze Upepo Kwenye Theluji

Mpendwa mwanangu Nassor,

Kosa la watu wengi ni kungoja gari likwame ndipo waitafute minyororo ya magurudumu. Huiacha chini ya mizigo mpaka theluji imefika tumboni mwa gari, halafu wanapiga magoti kuifunga kwa vidole vilivyokufa ganzi. Hilo ni la watu wengi, na sidhani kama wewe utalifanya. Wewe nakuhofia kosa jingine, ambalo ni letu sisi tuliojifunza kuendesha mchangani.

Barua yako kutoka milima ya Uajemi imefika. Nilimsomea mama yako kwa sauti: kwamba zahanati imekukabidhi gari, kwamba theluji ikianza utawashusha wagonjwa kwa njia ya mlimani mpaka hospitali ya bondeni, na kwamba umepewa minyororo ya magurudumu yote manne. Kisha nikafika pale ulipoandika, "Msihofu. Theluji ni mchanga tu uliopoa." Mama yako alicheka. Na mimi nilicheka, mpaka nilipoikunja barua.

Unaikumbuka siku ile ya Azaiba, hapa Maskati? Tulikuwa tunarudi kutoka Hail, mimi na wewe, mama yako na shangazi yako Zuwena, katika Landrova ya kazini kwangu. Tulifuata ufukwe kama kila mtu, na gari likazama huku maji yanajaa. Mimi nilianza kueleza kwa nini limezama. Wewe ulishuka kimya, ukachutama kwenye gurudumu la mbele, ukaanza kutoa upepo.

"Nassor, gari ya watu hiyo!" mama yako alipiga kelele aliposikia mlio wake. "Unaitoa roho?"

"Naipunguzia shibe, mama."

"Basi ukimaliza hapo," shangazi yako akasema kutoka nyuma, "mpunguzie na babako maneno."

Ulicheka mpaka ukakaa mchangani. Halafu ukapanda, ukatia gia ndogo, na gari likatoka polepole, bila ya kurusha hata konzi moja ya mchanga. Nilijivuna. Tangu tutoke Unguja sikuwa nimekuona ukisimama vile, kama mtu aliyefika kwake. Tokea siku ile hukungoja kuambiwa. Ardhi ikilainika tu, mkono wako ulikwenda wenyewe kwenye gurudumu. Mkono huo ndio ninaouhofia sasa.

Niache nieleze, maana shangazi yako hayupo. Mpira uliopungua upepo hutanuka ukalala juu ya mchanga, kwa hiyo hauzami. Lakini mnyororo umepimwa kwa mpira uliojaa. Ukiufunga kisha ukatoa upepo, mpira unanywea na mnyororo unalegea. Ukitoa upepo kwanza, hutaweza kuukaza sawasawa, kwa sababu mpira laini unabonyea kila unapokanyaga chini. Gurudumu likizunguka, mnyororo uliolegea huchapa kila kilicho karibu nao, na kwa upande wa ndani kilicho karibu ni mpira wa breki, ule mwembamba unaopitisha mafuta ya breki.

Haya sikuyasoma. Nilipokuwa masomoni Uskoti, kabla hujazaliwa, mwanafunzi mwenzangu wa Kisudani aliazimwa gari siku ya theluji, na mimi nikakaa ubavuni mwake. Alifunga minyororo vizuri, kisha akashuka tena akapunguza upepo. Nilimuuliza. Akaniambia, "Ya akhi, ndugu yangu, mimi nimevuka jangwa, nitashindwa na hii?" Tulipanda mlima mnyororo ukigonga bati kama mtu anayebisha hodi. Hatukusimama kuutazama. Tulipoanza kuteremka, alikanyaga breki na mguu wake ukaenda mpaka chini, hapana kitu. Ukuta wa mawe wa shamba la kondoo ndio uliotuzuia. Tulitoka na michubuko tu. Lakini sijui, mwanangu, kama kwenye njia yako kuna ukuta.

Kwa hiyo ukisikia mnyororo unagonga bati, usiseme utatazama mbele ya safari. Simama hapo hapo, hata kama mgonjwa analia na jamaa zake wanakuhimiza. Na hata usiposikia kitu, ukishakwenda mwendo mfupi teremka uikaze tena, kwani minyororo haikai mahali pake mpaka magurudumu yamezunguka. Anza safari minyororo imeshafungwa, kabla ya mteremko, mahali pa tambarare. Usikanyage mafuta kwa hasira. Gurudumu likizunguka bure theluji itageuka barafu chini yako, na mnyororo unaweza kukatika.

Mama yako ameacha kucheka. Kila nikirudi kutoka msikitini ananiuliza, "Umeshamwandikia?"

"Nnamwandikia."

"Umemwambia ya breki?"

"Nimemwambia."

"Mwambie tena. Mtoto huyo kichwa chake kama chako."

Basi nakwambia tena. Nimekaa barazani, jasho linadondoka kwenye karatasi, nami naandika habari za barafu kama mtu mwenye homa. Hapa Maskati hakuna wa kumuuliza kama huko theluji imeshaanza kuanguka. Asubuhi nilimwuliza nahodha mmoja, akanitazama kwa huruma akasema upepo wa baharini hauleti habari za milimani. Jirani yetu wa Sidab anavuka kesho kwenda Bandar Abbas, na ameahidi kuikabidhi barua hii kwa dereva wa lori anayepanda huko kwenu. Naihesabu njia yote hiyo kichwani, na kila ninapoihesabu naona theluji imeitangulia barua.

Sikukatazi kazi hiyo. Wagonjwa hao wana baba zao nao. Nataka tu kila unayempakia afike, na wewe ufike pamoja naye. Mama yako anakusalimu, shangazi yako pia, na wote tunakuombea kwa Mola usiku na mchana.

Leo, kabla ya jambo lolote jingine, jaza upepo magurudumu yote manne mpaka kipimo chake, kisha uifunge minyororo hapo hapo uani kwenu.

Baba yako