Siku Mama Alipomtetea Waziri Mkuu

Rathmeen,
Kilbrannagh,
Kaunti ya Roscommon.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Colman,

Pokea salamu za nyumbani, na Mungu ajalie zikukute mzima, wewe na Marlene na watoto. Sisi huku hatujambo, ukiacha vikohozi vya msimu ambavyo havimwachi mtu. Mgongo wako unaendeleaje? Marlene aliniambia uliteleza kwenye barafu, ukashindwa hata kufunga kamba za viatu kwa siku kadhaa. Mtu aliyekulia kwenye matope ya Rathmeen leo anaangushwa na njia ya gereji! Jipake dawa uliyopewa na uache ubishi.

Ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume, mkorofi kama mama yake. Mvua ni ileile. Padri wetu mpya anahubiri kifupi, kwa hiyo watu wamerudi kanisani.

Najua unaruka mistari ukitafuta habari za Baba. Kwenye simu nilikueleza nusunusu kwa sababu Mama alikuwa amesimama nyuma yangu akinisahihisha kila neno. Leo amekwenda misa ya pili, kwa hiyo tulia usome.

Baada ya Krismasi tulitangaziwa kwamba wodi ya wazee ya hospitali yetu itafungwa kabla ya Pasaka. Jengo limechakaa, wauguzi hawatoshi, ndivyo tulivyoambiwa. Wagonjwa wote wahamishiwe mjini, zaidi ya saa moja kwa gari, na Mama hajawahi kushika usukani maishani mwake. Hilo nadhani ulilisikia. Usilolijua ni kwamba tangu kiharusi kile, Baba hali chakula isipokuwa mkononi mwa Mama. Wauguzi wamejaribu. Mimi nimejaribu. Anafunga mdomo, anageukia ukutani. Kila adhuhuri Mama anakwenda kwa miguu na viazi vyake vya kuponda, siagi imezama katikati, anamlisha kijiko kimoja kimoja huku akimpa umbea wa kijiji. Nikuambie bila kuzungukazunguka: wakimpeleka mbali, Baba hatakula, na asipokula hatutafika naye kiangazi.

Tulianza kwa mbunge wetu Lavelle, maana ndiye wa chama chetu. Unamfahamu: hakosi mazishi hata ya mtu asiyemjua, na huwa wa kwanza kushika jeneza. Mama alimfuata Jumamosi kwenye kile chumba cha nyuma cha hoteli anakopokea watu. Lavelle akamshika mikono yote miwili, akamwuliza habari za kuku, akasema suala liko kwenye mchakato. Wiki mbili baadaye akasema tena liko kwenye mchakato. Mara ya tatu, gari lake lilikuwepo nje ya hoteli lakini mwenyewe hakuonekana. Ashakum si matusi, alikuwa amejificha chooni.

Basi mimi, bila kumwambia Mama, nikaenda kwa Noreen Tolan.

Naona unavyoshika kichwa. Ndiyo, Tolan huyo huyo, mbunge wa wale wengine, wapinzani. Wale ambao babu yetu alipigana nao vita vya wenyewe kwa wenyewe, na ambao bibi alivuka barabara kwenye mvua asipite mbele ya duka lao. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Tolan alinisikiliza mpaka mwisho, hakuniuliza kura yangu, akaniuliza tu Baba anapenda kula nini. Nilipomweleza, akaandika: viazi na siagi. Kisha akasema kiongozi wao atamwachia nafasi yake Jumatano, wakati wa maswali kwa Waziri Mkuu, na akaniomba nimlete Mama kwenye roshani ya wageni, Bungeni Dublin.

Mama alikubali kwenda Dublin upesi kuliko nilivyotegemea. Kumbe alidhani tumealikwa na Lavelle. Alivaa koti lake la buluu la harusi ya ndugu yetu Dympna na kofia. Ukweli niliutoa tukiwa tayari kwenye treni, mahali asipoweza kushuka.

“Tolan?” akasema. “Attracta, umenipeleka kwa Tolan?”

“Ndiye aliyekubali kuuliza, Mama.”

“Baba yako angejua, angekufa leo hii.”

“Baba asipopata msaada atakufa kweli, na chama chetu kitakuja kumzika.”

Mama aligeukia dirisha, akaanza kusali rozari kwa sauti ya chini, na nadhani baadhi ya zile Salamu Maria alikuwa akinilenga mimi.

Sasa kumbuka tabia ya Mama. Kila Jumatano anakaa jikoni na chai yake, anatazama maswali ya Bunge kwenye televisheni, na Waziri Mkuu, kwa kuwa ni wa chama chetu, akizomewa anawakaripia wazomeaji kana kwamba ni watoto wa jirani waliovunja kioo. Anawajua wote kwa sura. Mlangoni mhudumu wa Bunge alitueleza taratibu: kule roshani mgeni hapigi makofi, hasemi, hanyanyuki. Mama aliitikia kwa kichwa kwa adabu kama mtoto wa komunio ya kwanza.

Tolan alisimama. Ana dakika zake chache tu, saa inamhesabia, na hakupoteza hata moja kwa matusi. Alimweleza Waziri Mkuu kuhusu wodi yetu, kisha kuhusu mzee mmoja anayekula mkononi mwa mkewe, viazi na siagi, kila siku ya Mungu. Nilimtazama Mama kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameshika ukingo wa roshani kwa mikono miwili.

Waziri Mkuu akasimama, akafungua karatasi zake, akaanza kusoma. Colman, ilikuwa ni mchakato uleule wa Lavelle, ila umevalishwa suti. Tathmini inaendelea, usalama wa wagonjwa ni kipaumbele, wadau watashirikishwa. Upande wa Tolan wakaanza kumzomea. “Jibu swali!” “Mambo ya mzee, siyo karatasi!” Spika akagonga kengele, wapi, kelele zikazidi. Waziri Mkuu akaacha kusoma, akasubiri.

Hapo Mama akasimama. Mimi niliurukia upindo wa koti lake, nikabaki nimeshika hewa.

“Hebu mwacheni mtu amalize!” akapaza sauti. “Mlilelewa wapi nyie? Na wewe mwenye tai nyekundu, nakuona kila wiki, huna haya!”

Bunge zima likainua macho. Mwenye tai nyekundu akajishika tai. Alikuwa mwenzake Tolan, wa benchi lile lile lililosimama kutupigania sisi! Mhudumu alikuwa anakuja ngazi mbili mbili, Spika anawakumbusha wageni kanuni, na mimi nikasema moyoni, kwisha kazi, bibi huyu amekwenda kumtetea anayetufungia wodi na kumzika mumewe kwa pigo moja. Nilitamani sakafu inimeze. Mama akaketi, akaweka kofia sawa. Baadaye aliniapia kwamba alisahau yuko wapi, alidhani yuko jikoni.

Lakini Tolan ana akili, nampa haki yake. Alikuwa na nafasi ya kuuliza mara ya pili, dakika moja. Akasimama taratibu.

“Mheshimiwa Spika,” akasema, “naomba Waziri Mkuu amjue aliyemtetea sasa hivi, maana upande wetu leo hana mtetezi. Ni Bibi Winifred Keaveney, mke wa yule mzee niliyemtaja. Amekipigia kura chama cha Waziri Mkuu maisha yake yote, na mimi hapa ananiona adui. Hajaja kuomba barabara wala daraja. Anaomba aachiwe amlishe mumewe. Mimi nisijibiwe, ajibiwe yeye.”

Akakaa, dakika yake ikiwa haijaisha. Hakuna aliyezomea, hata mwenye tai.

Waziri Mkuu alisimama na karatasi mkononi, akaitazama, akaiweka mezani. Hakuinua macho kwetu, sheria haimruhusu.

“Mheshimiwa Spika, siruhusiwi kuzungumza na wageni,” akasema, “kwa hiyo namwambia Mheshimiwa Tolan, na mwenye masikio na asikie. Mzee yule hatahamishwa. Wala mgonjwa mwingine wa wodi ile hatahamishwa, mpaka mwenyewe na watu wake waridhie. Nalisema humu ndani ili liandikwe.”

Nililia, sina la kuficha. Nililia kamasi zikanitoka, mbele ya mhudumu aliyekuja kutufukuza. Maskini, naye akatoa kitambaa chake akanipa, na akasahau kutufukuza. Mama hakulia. Aliuliza tu kama Waziri Mkuu siku hizi anakula vizuri, maana amekonda kuliko kwenye televisheni.

Tolan alitupeleka kunywa chai kwenye mkahawa wa wabunge. Mama aliketi mkoba magotini, mgongo umenyooka.

“Chai yako nitakunywa,” akamwambia, “ila kura yangu hupati.”

“Sijaomba kura, mama,” Tolan akasema. “Nimeomba unisogezee maziwa.”

Mama alijitahidi sana asicheke. Alishindwa. Na Lavelle, usiniulize, alitokea na mpiga picha, akamkumbatia Mama kana kwamba yeye ndiye aliyeuliza swali. Mama alimwuliza habari za mchakato.

Nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa, Colman. Nilirudi nyumbani na hofu, kwa sababu maneno ya wakubwa tumeyasikia mengi. Lakini Ijumaa maofisa walikuja wenyewe, wakazungumza na wauguzi, wakafuta siku ya uhamisho. Jincy, yule muuguzi wa kutoka Kerala anayempenda Baba, alinipigia simu akicheka na kulia pamoja. Wodi bado haipokei wagonjwa wapya, paa bado linavuja upande wa kaskazini, na vita hivyo vitaendelea. Tolan amesema atauliza tena, na safari hii Mama ameniambia nimkumbushe asisahau habari ya paa.

Kuna jambo sikukuambia kwenye simu. Tangu zilipotoka habari za kufungwa, Mama alikuwa akinifundisha kumlisha Baba. Ananikalisha kwenye kiti chake, ananipa kijiko, anaweka mkono wake juu ya wangu, kisha anauondoa polepole, ili Baba azoee mkono mwingine kabla ya kuhamishwa. Mimi nina gari, na yeye kwa umri wake safari ile ya kila siku asingeiweza. Hakusema hata siku moja kwa nini tunafanya vile, na mimi sikuuliza. Kila mara Baba aligeukia ukutani, na Mama aliniambia tutajaribu tena kesho.

Jana nilipitia wodini adhuhuri, nikaketi kwenye kiti kile kwa mazoea, nikachukua kijiko. Mama alikuwa anavua koti. Alikuja akanitoa kijiko mkononi.

“Lete hapa,” akasema. “Ondoka kwenye kiti changu. Huyu ni wangu.”

Baba alifungua mdomo hata kabla Mama hajaketi.

Ukipata likizo ya kiangazi, njoo. Utamkuta palepale.

Nisalimie Marlene sana, mwambie soksi zimefika na zinanitosha. Wabusu Declan na Ingrid kwa niaba ya bibi yao. Dympna na mumewe wanakusalimu, na Jincy pia, ingawa hajawahi kukuona. Mungu akulinde kwenye barafu hiyo, akujalie afya na safari njema ya kurudi kwetu.

Dada yako akupendaye leo na siku zote,

Attracta